Mwongozo kamili wa kuvua trauti kwa nzi bandia kwenye mito ya milimani wakati wa baridi kali

Wavuvi wengi wa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu, wakiona theluji ya kwanza wanafunga fimbo wanaziweka juu ya kabati mpaka baridi iishe, na mi nawaelewa kabisa, vidole vinakufa ganzi, mshipi unaganda, na mto wenyewe unaonekana kama hauna kitu. Lakini samaki yupo. Trauti halali miezi mitatu kama dubu, anaendelea kula, ila anakula kidogo na hataki kabisa kutoka pale alipotulia kukimbilia chakula. Ukishika hilo moja tu, kwamba kipupwe samaki hamfuati nzi wako, ni wewe unampelekea nzi mpaka mdomoni tena polepole, basi mengine yote humu chini utaona yanatoka hapohapo: uende saa ngapi, usimame wapi, ufunge nini, uzito kiasi gani.

Kwanza kabisa, sheria na mayai

Naanza na hili kwa sababu watu wanalirukaga. Trauti wa kahawia na trauti wa kijito wanataga kuanzia vuli mpaka mwanzoni mwa baridi, na mayai yao yanabaki chini ya changarawe msimu wote wa baridi, mwanasamaki anatoka kuelekea majira ya kuchipua. Ndo maana mito mingi inafungwa kabisa miezi hiyo, au inafunguliwa kipande tu, au wanaruhusu kuvua na kuachia bila kuua. Kabla hujapanga safari uliza mamlaka ya uvuvi inayosimamia mto huo, usiridhike na ulichosikia kwa rafiki, kanuni zinabadilika mwaka hadi mwaka na mara nyingine mto mmoja una kanuni mbili, juu ya daraja na chini ya daraja.

Na hata mto ukiwa wazi, jifunze kukitambua kiota. Ukiangalia changarawe kwenye maji ya kina kifupi, hasa pale dimbwi linapoishia maji yakianza tena kukimbia, utaona doa la mviringo mrefu lililo jeupe au linang'aa kuliko mawe ya pembeni, kwa sababu jike amelifagia kwa mkia na ule ute wa kijani umetoka, alafu nyuma yake kuna kijilima kidogo cha mawe. Mayai yapo kwenye kile kijilima. Ukipita juu yake na buti zako unaponda kizazi kizima kwa hatua mbili, kwa hiyo zunguka, toka nje ya maji kama inabidi. Na samaki waliosimama juu ya doa hilo waache, hata kama ni wakubwa namna gani.

Kipimajoto kabla ya fimbo

Kitu cha kwanza ninachotoa kwenye begi nikifika mtoni sio fimbo, ni kipimajoto. Trauti ni kiumbe wa damu baridi, mwili wake unafanya kazi kwa kasi ya joto la maji. Maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi anakula vizuri, yakishuka chini ya 7 anaanza kupunguza, yakifika 4 kwenda chini tumbo linasaga chakula taratibu mno kiasi kwamba mdudu mmoja anamtosha muda mrefu, na nguvu anayotumia kuogelea inakuwa na thamani kuliko chakula chenyewe. Hapo ndo unaelewa kwanini hakufuati. Sio kwamba ana woga, ni hesabu.

Ila usiishie kwenye namba, angalia joto linaelekea wapi. Maji ya nyuzi 3 yanayopanda kwenda 4 yana samaki wengi wanaokula kuliko maji ya nyuzi 6 yanayoshuka kwenda 5. Pima ukifika, pima tena baada ya saa moja, kwenye maji yanayotembea na kivulini, ukishikilia dakika moja mbili hivi, alafu andika. Mi nina daftari dogo la hizo namba na limenifundisha mto wangu kuliko kitu kingine chochote.

Kutokana na hayo hakuna haja ya kuamka usiku. Muda mzuri ni kama saa tano asubuhi mpaka saa tisa alasiri, jua likiwa limefika kwenye bonde, na siku ya mwisho ya siku tatu nne za joto kidogo mfululizo ni bora kuliko siku moja ya jua baada ya wiki ya kuganda. Usiku wa mawingu unasaidia pia, maji hayapotezi joto sana kama usiku wa anga jeupe lenye nyota. Kuna mtego mmoja hapa unaowakamata wengi: siku ya jua kali theluji imejaa milimani, unafurahi hewa imepata joto vizuri, kumbe mchana ile theluji inayeyuka inaingia mtoni ikiwa karibu na nyuzi sifuri na maji yanashuka joto badala ya kupanda, samaki wanafunga mdomo ghafla saa nane na wewe unashangaa. Ukiona maji yanaongezeka na kubadilika rangi mchana wa jua, pima, na ikiwa yameshuka hamia juu ya pale kijito cha theluji kinapoingilia.

Mavazi na usalama, hapa usifanye haraka

Nguo ya pamba iache nyumbani. Pamba ikilowa inabaki na maji na inakunyonya joto. Vaa tabaka: ya kwanza nyembamba ya sufu au ya sintetiki inayobana mwili na kutoa jasho nje, ya pili nene ya sufu au flisi, ya tatu koti lisilopitisha maji wala upepo, na chini ya weda, ile suruali ndefu isiyopitisha maji ya kuingilia mtoni, suruali ya flisi. Miguuni ndo watu wanakosea sana, wanavaa soksi nene mbili tatu ndani ya buti lilelile la kiangazi, mguu unabanwa, damu haizunguki, na mguu usio na damu unaganda hata ukiwa na soksi kumi. Bora soksi moja nene ya sufu na buti kubwa kwa namba moja, vidole vicheze ndani.

Soli za felti, zile za kitambaa kizito kilichoshindiliwa, zinashika theluji, kila hatua inaongeza, baada ya mita mia unatembea juu ya mipira ya barafu na kifundo cha mguu kinaweza kuvunjika, na sehemu nyingine felti imepigwa marufuku kwa sababu inabeba viumbe vamizi kutoka mto mmoja kwenda mwingine. Soli ya mpira yenye njumu ndo sahihi. Mkongojo wa kupimia chini ubebe hata kama unajiona una miguu imara, na mkanda wa weda uufunge kiunoni kwa nguvu siku zote, ukianguka ndo unaochelewesha maji kujaa ndani.

Kuhusu kuanguka: kwenye maji yanayokaribia kuganda dakika ya kwanza mwili unashtuka na kuhema bila hiari, hapo kazi yako ni moja, mdomo uwe juu ya maji na pumzi itulie. Baada ya hapo una kama dakika 10 za mikono na miguu inayokusikiliza, zitumie kutoka. Kupoteza fahamu kwa baridi kunachukua muda mrefu zaidi, hata saa nzima, kwa hiyo hofu ndo adui wa mwanzo. Mwaka fulani niliteleza kwenye jiwe lenye barafu, maji yalikuwa ya magotini tu, nikakaa chini mpaka kifuani, na nilichojifunza siku ile ni jinsi vidole vinavyoisha haraka: kufika kwenye gari, mita kama mia nne, sikuweza kugeuza ufunguo kwa mkono mmoja, ilibidi niushike kwa viganja viwili. Tangu hapo nguo kavu kamili, pamoja na soksi na taulo, zinakaa kwenye mfuko usiopitisha maji, na siendi peke yangu. Mwenzio akianza kutetemeka sana, alafu maneno yanavutika na anaangusha vitu, safari imeisha, mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mpe joto kiwiliwili kwanza.

Usipande juu ya vibaraza vya barafu vinavyotokeza kutoka ukingoni, chini yake mara nyingi kuna maji yanayopita na utupu, vinakatika vipande vikubwa bila onyo. Na usivuke mto kwenye maji yanayopita goti kama huna ulazima, kwenye vijito vya mlimani karibu kila samaki unamfikia ukiwa ukingoni.

Vifaa

Fimbo namba 3 au 4 (namba ni uzito wa mshipi inaoubeba), urefu wa futi 8 mpaka 9, inatosha kijito chochote. Kama unapenda kuvua kwa nimfu, nzi anayeigiza mdudu mchanga wa chini ya maji, kwa mshipi uliokazwa bila chelezo (kile kiboya kidogo cha kuonyesha mguso), futi 10 ya namba 3 inakupa mkono mrefu wa kuinua mshipi juu ya mikondo. Rili iwe nyepesi, breki yake iwe laini, na ujitahidi isilowe kabisa, rili iliyolowa ikiganda haizunguki na samaki akikimbia anakata.

Lida, ule uzi mwembamba unaoungwa mwisho wa mshipi, iwe ya futi 9 inayoishia 4X au 5X, alafu ongeza tipeti, kipande chembamba cha mwisho kinachofungwa nzi, ya 5X au 6X ya florokaboni kama nusu mita mpaka mita moja. Kama hizo X zinakuchanganya: chukua 11 toa namba ya X, unapata unene kwa elfu za inchi, yaani 5X ni 0.006 ya inchi na 6X ni 0.005. Kipupwe maji ni machache na meupe kama kioo kwa hiyo wembamba unasaidia, lakini sababu kubwa kwangu ni kwamba tipeti nyembamba inakata maji, nzi anazama haraka na anaelea kwa uhuru zaidi. Usiende 7X kama hauna sababu, ukimchosha samaki kwa dakika nyingi sababu unaogopa mshipi kukatika umemuumiza bure.

Jambo moja la kukuokoa: funga mafundo nyumbani. Andaa tipeti tano sita zenye nzi wawili wawili tayari, zungushia kwenye kipande cha sponji, mtoni unaunganisha fundo moja tu. Kufunga ndoana namba 22 (namba ikiwa kubwa ndoana ni ndogo) kwa vidole visivyohisi kitu kunaweza kula nusu saa ya ule muda mfupi wa jua.

Nzi gani

Orodha ya kipupwe ni fupi, na huo ni uzuri wake. Chakula kikuu ni visubi, wale wadogo wa familia ya Chironomidae, wapo majini mwaka mzima na wanatoka hata theluji ikianguka. Buu lao ni jembamba kama uzi, jekundu, kahawia, jeusi au rangi ya krimu, na wale wekundu wanapata rangi hiyo kwa himoglobini inayowasaidia kuishi kwenye matope yenye oksijeni kidogo. Zebra Midge nyeusi au nyekundu yenye shanga, namba 18 mpaka 22, ningelazimishwa kubeba nzi mmoja tu ningebeba hiyo. Wakiwa wanatoka na samaki wananyonya juu ya maji, Griffith's Gnat namba 20 inaigiza kikundi cha visubi walioshikana.

Wa pili ni Baetis, wadudu wadogo wa majini wa rangi ya zeituni, wanapenda siku ya mawingu mazito na manyunyu. Pheasant Tail namba 16 mpaka 20, ile iliyobuniwa na Frank Sawyer, mtunza mto wa Uingereza, inawaigiza vizuri sana chini ya maji. Wa tatu ni nzi-mawe weusi wadogo wa majira ya baridi, hao utawaona kwa macho wakitembea juu ya theluji ukingoni, wana mabawa lakini wanapenda kutembea, na ukiwaona wengi funga nimfu nyeusi nyembamba namba 14 au 16 na uipitishe karibu na ukingo maana wanatambaa kuelekea nchi kavu ndo watoke. Ongeza vikamba vidogo vya maji yasiyo na chumvi kwa mito yenye majani mengi chini, na Hare's Ear namba 14 kama nzi wa kuzamishia.

Strima, wale nzi wakubwa wa kuvutwa majini, nazo zinafanya kazi, Woolly Bugger nyeusi au ya zeituni, ila sahau ule uvutaji wa haraka wa kiangazi. Iache izame, ivute sentimita kumi, subiri, sentimita kumi tena. Unavua samaki mmoja mkubwa kwa siku au hupati kabisa.

Samaki wako wapi

Sasa hapa ndo kazi ilipo. Kiangazi trauti wametapakaa, wapo kwenye maji ya kasi yanayochemka juu ya mawe kwa sababu kuna oksijeni na chakula kingi. Kipupwe wanaondoka huko karibu wote. Maji baridi yanabeba oksijeni nyingi hata yakiwa yametulia kwa hiyo hawahitaji tena kasi, wanachotaka ni kukaa bila kupigana na mkondo. Wanashuka kwenye madimbwi yenye kina, wanajipanga chini kabisa, na mara nyingi wanajikusanya: unaweza ukapita madimbwi manne matupu kabisa alafu la tano lina samaki kumi na tano. Kwa hiyo ukipata mmoja, simama hapo, usikimbie mbele.

Ndani ya dimbwi angalia sehemu tatu. Ya kwanza ni mpaka ule unaoonekana kama mshono, ambapo maji ya kasi yanapitana na maji ya polepole, samaki anakaa upande wa polepole na chakula kinapita mbele ya pua yake. Ya pili ni pale kichwani mwa dimbwi, sakafu inapoporomoka ghafla, juu maji yanakimbia lakini chini nyuma ya ile ngazi yametulia. Ya tatu ni tumbo la dimbwi lenyewe, maji yanayotembea kwa mwendo wa mtu mzee anayetembea bila haraka. Maji yaliyosimama kabisa kama bwawa huwa siyahangaikii, hakuna kinacholeta chakula.

Alafu kuna chemchemi. Maji ya ardhini hayabadiliki joto sana mwaka mzima, kwa hiyo kiangazi yanapoza mto na kipupwe yanaupasha. Utazitambua: theluji imeyeyuka kwenye kipande kimoja cha ukingo na kwingine imejaa, kuna mimea ya kijani inaota ndani ya maji wakati kila kitu kimekauka, au asubuhi mvuke unapanda hapo tu. Pima juu ya sehemu hiyo na chini yake, ukikuta tofauti hata ya nyuzi moja na nusu umepata mahali pa kurudi kila mwaka. Mito inayotoka chini ya mabwawa makubwa yenye kina ina tabia hiyohiyo, maji ni mazito kuliko yote yakiwa nyuzi 4, yanazama, kwa hiyo sakafu ya bwawa haigandi hata juu kukiwa na barafu, na mto unaotolewa maji kutoka chini unabaki wazi. Ila hapo uliza ratiba ya kufungulia maji, mto unaweza kupanda ghafla wewe ukiwa katikati.

Kumkaribia

Maji meupe, machache, hakuna majani ya kukuficha, jua liko chini na kivuli chako ni kirefu mara mbili. Trauti anaangalia juu mkondo unakotoka, kwa hiyo msogelee kutoka chini, inama, simama nyuma ya jiwe au kaa kwa goti, na hakikisha kivuli hakitangulii. Usiingie majini mpaka umeshavua maji yaliyo karibu na miguu yako. Ukimshtua samaki wa kiangazi anarudi baada ya dakika kumi, wa kipupwe akijificha chini ya jiwe anaweza asitoke siku hiyo.

Kumpelekea nzi

Funga hivi: nzi mzito juu, mfano Hare's Ear yenye shanga, alafu kwenye mpindo wa ndoana yake funga tipeti ya sentimita 30 mpaka 45 na nzi mdogo chini, mara nyingi kisubi. Chelezo kidogo kiweke juu kwa umbali wa mara moja na nusu ya kina, yaani maji ya mita moja, chelezo kiwe mita moja na nusu juu ya nzi. Kama hazamiki ongeza chubwi ndogo kama sentimita 15 mpaka 20 juu ya nzi wa kwanza. Jinsi ya kujua uzito umetosha ni kwamba kila mipito mitatu minne unahisi nzi anagusa mawe, chelezo kinadunda kidogo. Kisipogusa kabisa, uko juu ya vichwa vya samaki. Kikigusa kila sekunde, punguza. Wengi wakikosa wanabadilisha nzi, mi nakuambia badilisha uzito kwanza, chubwi moja ndogo imenipa samaki wengi kuliko kubadilisha nzi mara ishirini.

Tupa juu ya pale unapodhani samaki yupo, mbali kiasi cha kumpa nzi muda wa kuzama, na mara tu inapotua inua fimbo uupindue mshipi kuelekea juu mkondoni, ili mkondo wa kasi ulio katikati usiuvute mshipi na nzi akaburuzwa. Nzi anayeburuzwa kipupwe hana maana. Anatakiwa aelee kwa mwendo wa maji ya chini, ambayo ni polepole kuliko ya juu, kwa hiyo ukitazama mapovu juu ya maji, chelezo chako kiwe nyuma kidogo ya mapovu. Ukiona kinaenda sawa nayo au kinayapita ujue unaburuza.

Sasa gawanya dimbwi kwa mistari. Samaki kwenye maji ya nyuzi 3 au 4 huwa hasogei hata sentimita 30 kufuata mdudu, kwa hiyo ukipitisha nzi nusu mita pembeni yake ni kama hujatupa. Anza mstari wa karibu na wewe, pitisha mara tano sita, sogeza kama upana wa kiganja kilichonyooshwa, pitisha tena. Dimbwi moja zuri linaweza kukuchukua saa nzima na hiyo ni sawa kabisa. Mstari ambao umepata mguso hata mmoja urudie mara kumi.

Na huo mguso wenyewe usitegemee chelezo kizame kwa kishindo. Kinakuja hivi, kinashuka na mapovu, kinashuka, alafu kwa muda wa nusu pumzi kinasita, kama mtu aliyesahau neno, au kinainama upande mmoja bila sababu, basi, kikiendelea umeshachelewa, samaki amemwonja nzi na kumtema. Kwa hiyo kila kusita inua fimbo, taratibu lakini bila kufikiri, ukielekeza upande wa chini wa mkondo ili ndoana imwingie pembeni mwa mdomo. Mara tisa ni jiwe. Ya kumi jiwe linatingisha kichwa.

Barafu kwenye pete za fimbo

Hewa ikiwa chini ya sifuri kila ukivuta mshipi unaleta maji kwenye pete, yanaganda, baada ya mitupo kumi pete ya ncha imezibwa na duara la barafu. Usiigonge wala kuivunja kwa kucha, ncha ya fimbo inakatika kirahisi sana kwenye baridi. Itumbukize majini sekunde chache, maji ya mto yana joto kuliko hewa, barafu inalainika, alafu ifute kwa vidole. Kupaka mafuta ya midomo kwenye pete kunachelewesha, hakuzuii. Dawa ya kweli ni kuvuta mshipi kidogo iwezekanavyo: vua kwa urefu mmoja, rusha na kuinua bila kuingiza mshipi ndani. Ndo maana fimbo za tenkara za Wajapani zinafaa sana majira haya kwenye vijito vidogo, hazina pete wala rili, mshipi umefungwa nchani tu. Na ukiona uji wa barafu unashuka na mkondo asubuhi subiri, huwa unaisha jua likipiga, kuvua ndani yake ni kukamata barafu kila mtupo.

Kumshika na kumwachia

Ponda kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kuanza. Samaki wa kipupwe hana nguvu ya ziada, mlete haraka, kimia kiwe cha mpira, na kichwa chake kibaki ndani ya maji muda wote. Hili nalisisitiza: hewa ikiwa chini ya sifuri usimwinue kabisa. Matamvua yake ni nyuzi nyembamba sana zilizojaa damu na maji, zikikutana na hewa ya kuganda zinaanza kuganda ndani ya sekunde chache, na samaki anayeonekana ameogelea vizuri anaweza kufa baadaye bila wewe kujua. Vua glovu, hasa za sufu, zinamtoa ule ute unaomkinga na magonjwa, lowesha mkono, shika ndoana kwa koleo, pindua, aende zake. Picha piga akiwa ndani ya kimia majini. Akilegea mshikilie kichwa kikitazama mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Mkono wako utauma, ukaushe kwa taulo ndogo ya shingoni ndo urudishe glovu, usiingize mkono uliolowa.

Ukifika kwenye gari

Fungua kamba za buti kabla ya kitu chochote, zikiganda huvui buti na utajikuta unaendesha nalo. Nyumbani tandaza kila kitu, mshipi uufute kwa kitambaa, kisanduku cha nzi kiache wazi usiku kucha la sivyo ndoana zinashika kutu, na buti na weda zisugue na kukausha kabisa kabla ya kuzipeleka mto mwingine, konokono vamizi na ule mwani wa didymo wanasafiri kwenye unyevu mdogo tu wa soli. Alafu toa daftari uandike joto la saa tano, joto la saa nane, dimbwi gani, chubwi ngapi.